Mengineyo

Waraka umetoka Dodoma, ukapita Mbeya,
umefika Tukuyu umelowa pembe:
kila kituo kiandike bei zake
ukutani, mahali pa macho.
Mganga mfawidhi akanitafuta mimi,
Ambakisye, mchora mabango wa stendi,
niliyeandika "Hakuna Mkopo" kwenye maduka kumi na moja
na "Mungu Yupo" mlangoni kwa kinyozi aliyehama usiku.

Akanipa karatasi yenye muhuri, rangi ya buluu, rangi nyeupe.
Turubai nilibeba mwenyewe, maana hapa kwetu
mvua haipigi hodi.

Nilianza na kichwa, herufi za shubiri nzima.
Karani wa dirishani akatoka, kalamu sikioni:
"Fundi, mbona kubwa hivyo? Punguza.
Na tungelitundika kule nyuma, karibu na stoo.
Hapa mbele pana kalenda."
Sikumjibu. Mtu mwenye brashi mdomoni hasemi.

Kumwona daktari. Kipimo cha malaria. Kushona jeraha.
Kila kimoja na namba yake, sifuri zimekaa
kama mayai kwenye trei.
Namba hizi hazikuzaliwa leo.
Zilikuwa zinaishi kwenye droo,
zinatoka moja moja,
zinatazama kwanza viatu vyako.

Mwaka ule nilikuja na viatu vya kuazima,
vyeusi, vinang'aa, ili mke wangu aheshimiwe.
Nadhani ndivyo vilivyonigharimu mtamba.

Tupokigwe alikuwa ndani, uchungu siku ya pili.
Dirisha likasema: lete kwanza.
Kiasi gani?
Wewe lete, tutaona.
Mtamba aliuzwa saa nne usiku, kwa tochi.
Mnunuzi alimpapasa nundu,
akanimulika mimi usoni,
halafu ndiyo akataja bei.

Risiti ninayo, ndani ya kitabu cha nyimbo cha mama.
Mistari mitatu. Glovu. Dripu.
Wa tatu, mnene kuliko wenzake: Mengineyo.

Miaka saba namuuliza huyu Mengineyo ni nani.
Ni dawa? Ni godoro? Ni chai ya mtu?
Mtoto shuleni anaitwa Lusekelo.
Nyumbani, tukimtania, ni Mengineyo,
naye anaitika.

Leo nimefika mstari wa kumi na nne:
Kujifungua. Na mbele yake
hakuna sifuri hata moja. Herufi nne.
B.
U niliiandika mara mbili,
ya kwanza mkono uliikataa.

Mama mmoja, mchuma chai, vidole vyeusi kwa utomvu,
alisimama nyuma yangu na kikapu chake.
"Namba nazisoma. Hiyo siyo namba."
Nikamwambia: Bure.
Akaliangalia lile neno kama mtu aliyerudishiwa chenji nyingi mno.
"Mizani ya chai nayo ina namba kubwa," akasema,
"unaiona toka barabarani.
Sisi tunaiiona vizuri sana.
Kilo zetu ndizo haizioni."
Akaingia ndani. Alikuwa anakohoa.

Chini kabisa karatasi inasema:
Mengineyo: uliza dirishani.

Karani alikuwa amesimama pale pale.
Rangi nyeupe ilikuwa bado ipo, nusu kopo.
Mimi nikachota chokaa kwenye ndoo ya mafundi wa choo,
nikaizimua kwa maji
mpaka ikawa kama maziwa ya mgahawani,
nikauandika mstari ule taratibu,
kwa mwandiko wa kadi ya harusi.
Karani akatikisa kichwa kwa kuridhika.
Akasema huo ndio umekaa vizuri kuliko yote.

Saa tisa wingu likashuka kutoka mlima Rungwe.
Nikakunja turubai.